Kurasa Tatu za Nakijwa na Kizibo cha Ndiva

Hapo zamani, tena si zamani ya kuumiza kichwa, maana simu zilikuwa zimeshajua kusoma kuliko wenye simu, palikuwa na kijiji milimani Upareni kilichoishi kwa ndiva moja. Ndiva ni bwawa la kuchimba kwa mikono. Maji ya chemchemi yanaingia taratibu, alfajiri limejaa, mwenye zamu anang'oa kizibo na maji yanateremka mferejini mpaka shambani kwake. Kizibo chenyewe ni gogo lililozungushiwa matambara, ncha yake imetokeza nje ya ukuta. Ukichelewa kuking'oa, jua likapanda, maji yanafurika ukingoni na kumwagikia korongoni. Huko hayamfai mtu wala mbuzi.

Mwaka huo mvua ilikata mapema, na mahindi ya mjane mmoja aitwaye Nakijwa ndiyo kwanza yalikuwa yanachanua. Mahindi yakichanua bila maji, unavuna magunzi. Alihitaji zamu moja tu. Akiipata, anakula mpaka msimu ujao. Akiikosa, atapiga hodi kwenye milango ya watu na bakuli mkononi, na Nakijwa hakuwa mtu wa bakuli.

Na zamu alikuwa nayo. Wiki tatu nyuma jirani yake, Mbonea, alipitwa na zamu yake akiwa zahanati, mkewe anajifungua. Akaja kwa Nakijwa mikono nyuma. Nakijwa akampa yake. Sasa, desturi ya ndiva ile ni hii: aliyetoa zamu hurudishiwa wa kwanza maji yakipungua, na yeye mwenyewe hadai. Akidai, amejishusha. Husema "sidai", na wote wanaosikia wanajua la kufanya.

Zamani mwombaji alisimama ukingoni akasema shida yake mbele ya watu. Mwaka huo kamati ikasema, andikeni barua. Zikaja barua arobaini na mbili. Katibu wa ndiva, Elinami, akazipiga picha moja moja na kuilisha simu yake, kwenye ile wanayoiita akili mnemba. Inasoma barua nzima, inaikamua ibaki mstari mmoja, halafu inachagua maneno matatu iliyoyaona mazito. Kwa mistari hiyo simu ikapanga orodha ya wa kupewa zamu, chai haijapoa. Mwenyekiti, mzee Kiure, akaisaini.

Elinami alikuwa ametangaza kanisani, "Andikeni kwa kifupi, barua zitasomwa na simu." Nakijwa alimsikia. Alikuwa benchi la pili. Akamwambia aliyeketi naye, "Simu haikunizaa, haitanifundisha kuomba." Akaenda akaandika kurasa tatu.

Jumapili orodha ikasomwa. Chemchemi ilikuwa imebakiza zamu tatu. Jumatatu Elinami. Jumatano Mbonea. Ijumaa Kiure. Basi.

Nakijwa akahesabu kwa vidole. Katibu yumo, mwenyekiti yumo. "Simu yenu ina macho mazuri," akasema. "Kati ya watu wote hawa imewaona wenye kamati." Watu wakacheka chini chini. Elinami hakucheka.

Jumatatu alfajiri Elinami akafika ndivani na jembe begani. Akamkuta Nakijwa amekaa juu ya ncha ya kizibo, khanga ameikaza kiunoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Simu unayo?"

"Ninayo. Lakini maji yamejaa, bibi, naomba unipishe."

"Nayaona. Nisomee kwanza ilichosema juu yangu."

Elinami akatazama maji, akatazama mashariki, akatoa simu. Akasoma: "Barua ya kumi na saba. Nakijwa. Anatoa salamu na habari za nyumbani. Anamshukuru Mbonea. Hana ombi. Maneno makuu: mbuzi, shukrani, Mbonea."

"Mbuzi," akasema Nakijwa.

"Ulimwandika sana, bibi. Ukurasa mzima."

"Alikuwa mgonjwa. Unaanzaje kuomba bila kueleza nyumbani kukoje? Soma yako sasa."

Elinami akakohoa. "Naomba zamu ya maji. Mahindi yanakauka. Elinami."

"Na ya mwenyekiti?"

"Naomba zamu ya maji. Mahindi yanakauka. Kiure."

"Mmenyonya ziwa moja?"

"Aliniuliza aandikeje, nikamwonyesha."

"Mimi ulinionyesha?"

"Nilitangaza kanisani."

"Ulitangaza ufupi. Hukutangaza kwamba ikimwona mbuzi itamwacha mtu."

Wakati huo Kiure akafika, maana mwenyekiti lazima aone kizibo kikitoka, na Mbonea naye akaja kusafisha mfereji unaopita kwake. Barua zilikuwa kwenye mkoba wa Kiure, zimefungwa kamba vilevile alivyoletewa na Elinami. Nakijwa akamwambia, "Toa yangu. Ukurasa wa tatu, chini kabisa. Soma kwa sauti, leo simu ipumzike."

Kiure akasoma. "Na ile zamu niliyompa Mbonea mkewe alipojifungua, nilimpa kwa moyo mweupe, wala sidai." Sauti ikamshuka alipofika mwisho. Mbonea akaanza kukagua mpini wa jembe lake kana kwamba ameletewa leo.

Hapo kila mmoja akajua. Zamu moja kati ya tatu lazima iende kwa Nakijwa. Lakini ipi?

Elinami akasema, "Si yangu. Mimi sikubuni neno. Barua arobaini na mbili, silipwi hata kiberiti, na mwandiko wa watu wengine ni kama kuku wamepita. Nilitafuta msaada, msaada ukakosea. Niliwaambia watu waandike kifupi. Nina watoto wanne na shamba ni hilo hilo."

Nakijwa akaguna. "Msaada ulikosea kwangu, kwako ukapatia."

Kiure akasema, "Si yangu. Nililetewa karatasi safi yenye mistari, nikasaini. Mwenyekiti akianza kurudia kazi ya katibu, katibu wa nini? Tena ukuta huu ulipobomoka mwaka juzi, mawe niliyabeba mimi na mgongo huu."

Nakijwa akaguna. "Siku Mbonea anafungulia maji yangu, aliyesimama hapo ulipo ni nani? Hukuhitaji barua wala simu. Ulihitaji kukumbuka."

Mbonea akasema, "Si yangu, mama. Mimi nilikusudia kuirudisha. Jumapili nikasikia jina langu limesomwa, la kwako halikusomwa, nikasema labda kamati imekupangia namna nyingine. Nina mtoto wa wiki tatu, na mama yake anakula kwa ajili ya wawili. Ningesimama mbele ya watu wote niseme sitaki maji?"

Nakijwa akaguna mara ya tatu, ndefu kuliko zote. "Uji wa kwanza wa mama wa mtoto huyo niliupika mimi. Kwenye barua yako ulinitaja?"

"Niliambiwa kifupi," akasema Mbonea.

Halafu Kiure, ambaye alimjua Nakijwa tangu wanachunga pamoja, akasema, "Na wewe je? Ulisikia kwamba msomaji ni simu. Simu haijawahi kukaa kwenye ndiva hii, itajuaje kwamba asiyedai ndiye anayedai? Ungeandika mstari mmoja, nirudishieni zamu yangu, tusingekuwa hapa. Ulijua, ukaandika mbuzi."

Nakijwa akakumbuka benchi la pili, na namna alivyojisikia vizuri aliposema maneno yale.

"Ningeandika hivyo," akasema mwishowe, "ningepata maji, na nyote mngesema Nakijwa siku hizi anadai."

Hakuna aliyekataa, kwa kuwa ni kweli wangesema.

Jua likagusa mlima wa pili. Maji yakafika mdomoni mwa ukuta, yakatetemeka, yakaanza kuchuruzika ukingoni, uzi mmoja, halafu nyuzi mbili, kuelekea korongoni. Elinami akashika jembe. Kiure akamtazama Mbonea, Mbonea akamtazama Elinami, Elinami akaitazama simu, kana kwamba bado ina la kusema. Nakijwa hakuondoka kwenye gogo.

Sasa nyinyi mliokaa hapa mnanikodolea macho, msiniulize mimi, na wala msinifupishie. Kuna aliyeipa simu kazi ya kusikiliza watu. Kuna aliyesaini bila kukumbuka alichokishuhudia. Kuna aliyenyamaza akashiba. Na kuna aliyejua msomaji ni nani, akamwandikia mwingine. Maji yanamwagika. Je, nani alistahili kupoteza zamu yake?