Kipande cha Mpwa

Wahenga walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Anayejitafutia balaa kwa mkono wake asitarajie wa kumbembeleza. Fundi mmoja wa maabara aliijua methali hiyo tangu shuleni, ila ncha yake hakuwahi kuihisi.

Kwa umahiri wake walimwita Jicho. Aliendesha mashine ya kurusha miale ya ioni, chembe ndogo mno zenye umeme, ili kutia alama kwenye vipande vya silikoni. Alama hizo hazikuonekana kwa macho, lakini kipande kilipoingizwa tanurini, nyaya nyembamba mno kuliko unywele ziliota palepale alama zilipotiwa. Kabla ya kila kazi, Jicho aliandika kwa mwale jina lake hilo kwenye kipande chakavu. Likisomeka kwenye skrini ya mashine, mwale uko sawa.

Siku hiyo kazi ilikuwa ya mpwa wake, binti mwanafunzi aliyebakiwa na kipande kimoja tu cha kukamilishia shahada. Kufungua mashine na kuweka chakavu kulitaka saa nzima, na uvivu haukosi wakili. Jicho akaujaribu mwale ukingoni mwa kipande chenyewe.

"Nani atajua?" alijiambia.

Wiki iliyofuata, kipande kilipotolewa tanurini, nyaya zilikuwa zimesongamana ukingoni kama magugu, zimekula malighafi yote ya kuoteshea. Katikati, palipotakiwa safu, ziliota za kuhesabika. Binti akabubujikwa na machozi mbele ya profesa wake.

"Mjomba, nimekosea wapi?"

Jicho aliwahi kujibu. "Ni hesabu zako, mwanangu. Mwale wangu haukuwa na kasoro."

Profesa hakuridhika. Aliikuza picha ya ukingo kwenye skrini ya ukutani, na herufi zikajitokeza moja moja, zimesimama wima: JICHO.

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Uvivu ningekusamehe, Mjomba," binti alisema taratibu. "Lakini umeniacha nilie nikidhani kosa ni langu."

"Nisamehe, mwanangu."

Binti alikichukua kipande chake. Kipande kingine kingepatikana baadaye, ila mahafali ya mwaka huo yalikwisha kumpita.

Jicho alitoka akijifuta machozi. Mlangoni alisimama mama wa usafi, ambaye humpa pole hata aliyepiga chafya. Alikuwa amesikia yote. Akasogeza ndoo yake, akampisha bila neno. Hakika, mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.