Pini ya Bwana Kasanda

Bwana Kasanda alinunua trekta dogo pamoja na plau, haro na tela, akavipanga uani kama vyombo vya bibi harusi. Jirani yake Nyamizi, mjane mwenye ekari mbili, alipoomba alimiwe, Kasanda alicheka mbele ya wazee wa kijiji.

"Trekta langu halitoki. Lakini mimi si mchoyo. Chagua kifaa kimoja, ukakivute mwenyewe. Utakirudisha ukishalima."

"Mungu akuzidishie," alisema Nyamizi, akachukua pini ya chuma inayounganisha vifaa vyote na trekta.

"Haya, kalimie hiyo," Kasanda alimkejeli.

Mvua zilipoanza na barabara ya mjini kukatika, asiweze kwenda kununua pini nyingine, Kasanda alikuja amenuna.

"Nipe pini yangu."

"Wazee walisikia, kaka. Nikishalima," alijibu Nyamizi. "Lete trekta na plau. Pini ninayo."