Siku Nyamizi Alipokataa Nauli

Mwenye tiketi mkononi hajaachwa. Mmemsikia shangazi yenu akisema hivyo, mkacheka, kisha mkauliza: tiketi gani tena, na huku kwetu reli haifiki? Kaeni basi. Neno hili lilizaliwa stesheni, siku ambayo treni haikuondoka.

Nyamizi Lugendo aliikata tiketi yake wiki moja kabla, aende Igombelo kumuuguza mama yake. Siku ya safari ilipofika, alikuwa akienda kumzika. Katika ukoo wao, konzi ya kwanza ya udongo hutiwa na kitinda mimba, na Nyamizi ndiye aliyekuwa wa mwisho kuzaliwa. Asubuhi hiyo kaka yake, Mihayo, alimpigia simu.

"Wazee watakungoja kesho mpaka saa kumi. Ikipita hapo, nitatia mimi."

"Usitie, kaka. Niko stesheni tayari."

Simu haijarudi mkobani, kipaza sauti kikakoroma: mafuriko yamebomoa tuta la reli, treni ya leo imefutwa, abiria wafike dirishani na tiketi zao.

Watu hawakungoja maneno mengine. "Nauli zetu! Mnatuchezea!" Karani akawa anapokea tiketi, anaitoboa, anarudisha nauli. Aliyemwona mwenzake ametoa tiketi, naye alitoa yake. Nyamizi akajikuta kwenye foleni, kwa sababu kila mtu alikuwa kwenye foleni.

Mbele yake alisimama Kazimoto, mrina asali, madumu mawili miguuni.

"Usilie, dada. Treni hii hata babu yangu ilimwacha."

"Siililii treni. Namlilia mama."

Kazimoto akavua kofia. "Pole sana, dada yangu. Mungu amlaze pema." Kisha akatoa tiketi yake, akapokea nauli, akasogea kando.

Karani akanyoosha mkono bila kuinua macho. Nyamizi aliitoa tiketi, imelowa jasho la kiganja, lakini vidole vikagoma kuiachia.

"Lete tiketi, mama, nikupe nauli."

"Nauli nikaifanyie nini, mwanangu? Mimi nataka kufika. Hakuna njia nyingine?"

Karani akainua kichwa. "Ipo. Saa sita kuna basi la kuwavusha abiria mpaka stesheni ya ng'ambo ya mafuriko. Huko kuna treni inawangoja. Asiyetaka hilo atapanda treni ya Alhamisi, kwa tiketi hiyo hiyo. Ila ikishatobolewa, imekwisha kazi, na mpya haziuzwi tena wiki hii."

"Mbona hamkusema?"

"Tangazo lilikuwa linaendelea, mama, kelele zikalimeza. Na hapa dirishani nimeulizwa nauli tu. Wewe ndiye wa kwanza kuuliza njia."

Kazimoto alisikia. Akarudi mbio, akajipenyeza.

"Bwana mdogo, shika pesa zako, nipe karatasi yangu!"

"Mzee, na tundu utaliziba kwa asali?"

Foleni nzima ikacheka, Kazimoto naye akacheka, ingawa cheko lake lilikuwa na machungu. Waliokuwa bado na tiketi wakazivuta kifuani kama mtu aliyeokoa yai lisianguke.

Basi lilipong'oa nanga saa sita, Kazimoto alitembea kando yake mpaka getini, akipiga kelele dirishani kwa Nyamizi:

"Nenda, dada, ukamzike mama! Mwenye tiketi mkononi hajaachwa. Tulioachwa ni sisi wenye pesa mfukoni!"

Kesho yake, saa tisa na nusu, Nyamizi alishuka Igombelo akakimbia, kanga inaburuzika. Pale makaburini jua lilikuwa limeinama na wazee wamesimama. Mihayo alikuwa amekwisha kuchota udongo. Alipomwona dada yake, aliufungua mkono, udongo ukarudi chini ulikotoka.

"Njoo, mdogo wetu," alisema. "Njoo utie."

Nyamizi akatia konzi moja. Akalia, kilio cha mtu aliyefika.

Jioni, matangani, shemeji mmoja alimwuliza, "Lakini redioni tulisikia treni imefutwa. Umekuja na nini?"

Nyamizi akajifuta uso kwa pindo la kanga. Kwa mara ya kwanza siku hizo mbili, alitabasamu.

"Treni ilifutwa kweli, shemeji. Ila mwenye tiketi mkononi hajaachwa."