Mlango wa Bibi Nambua

“Mlango ulioagwa haufungwi.” Mmeisikia leo kwa shangazi yenu, alipomwonya kaka yenu asihame kimyakimya kule anakopanga, nanyi mkaja kuniuliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, papa hapa Same.

Yonazi alikuwa fundi pikipiki, na mkewe Naetwe alishona sare za shule. Walipanga vyumba viwili kwa Bibi Nambua, mjane aliyeishi upande wa pili wa ua. Mkataba wao ulikuwa wa mwaka mmoja. Naetwe alipojifungua, bibi huyo ndiye aliyempikia uji na kumkanda kwa maji ya moto siku zote arobaini, kana kwamba amemzaa yeye.

Mwezi wa tano wa mkataba huo wakapata nyumba ya kununua, na muuzaji alitaka jibu upesi. Yonazi akauogopa mkataba. Rafiki zake wakamshauri wahamishe vitu kidogo kidogo Jumapili, bibi akiwa kanisani, kisha ufunguo wauache dirishani. Akakubali, hata akaanza kufunga vyombo. Naetwe alipoona, akafungua boksi akarudisha masufuria mahali pake. Alisema hawezi kumtoroka mtu aliyemwogesha mwanawe.

Wakaenda wote wawili. Yonazi alishindwa kuinua macho, hivyo Naetwe ndiye aliyesema.

“Mama, tumepata nyumba yetu. Tunajua mwaka haujaisha. Tumekuja kukuaga, na kukuomba utuachilie.”

Bibi aliendelea kuchambua mchele. Ilimuuma, maana alishamzoea mtoto.

“Mkataba ni karatasi, mwanangu,” akasema. “Mngeondoka bila kuniambia, hapo mngenivunja moyo. Nendeni. Ila nitafutieni mpangaji mwenye adabu.”

Wakamletea mwalimu mmoja mpole. Bibi akamwomba angoje kwanza hawa wakabidhiwe nyumba yao.

Siku ya kutia saini, ndugu wa muuzaji wakatokea ofisini kwa mtendaji wa mtaa. Nyumba ilikuwa ya urithi, nao hawakukubali iuzwe. Mambo yakaishia hapo. Yonazi na Naetwe wakarudi wamejaa aibu, wakasimama uani wasijue waanzie wapi. Bibi alikuwa ameshapata habari. Akamtoa mtoto mgongoni kwa mama yake, akampakata.

“Mwalimu nimemwombea chumba kwa jirani,” akasema. “Mngekuwa mmetoroka, mpangaji mwingine angekuwa ndani sasa hivi. Lakini ninyi mliniaga. Ingieni.”

Yonazi, mwanamume mzima, alilia machozi.

Walikaa pale miaka mitatu zaidi. Walipopata nyumba isiyo na mgogoro walimuaga tena, na Bibi Nambua akafuatana nao kwenda kuwasha jiko lao kwa mara ya kwanza. Tangu hapo, kila kijana wa gereji aliyetaka kuhama alipokuja kwa Yonazi kutaka ushauri, aliambiwa neno moja tu, nalo likaenea mji mzima: mlango ulioagwa haufungwi.