Bi Sange na Gari la Kiboko Lililolewa Petroli

Enyi mlioketi, niwape?

— Tupe, mikono tumeinyoosha!

Niwape chumvi au niwape asali?

— Tupe ngano, tutaonja wenyewe!

Basi palikuwa na Kiboko, na palikuwa na Sange. Kiboko mnamjua. Sange, kwa asiyemjua, ni kiumbe mdogo kama panya, miguu myembamba kama njiti, na pua ndefu kama mkonga uliokosa tembo. Huyu Bi Sange alikuwa fundi wa magari. Pua ile ndiyo iliyokuwa mali yake. Akilinusa gari mara moja, amekwisha jua linaumwa wapi.

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kikali. Bwawa la wanyama lilikauka likabaki tope, kisha tope nalo likapasuka. Maji yalikuwa kwenye chemchemi moja tu, ng'ambo ya kilima cha Chungwi, na mwenye gari alikuwa Kiboko peke yake. Wanyama walipatana naye: wao watachanga pipa moja la petroli kila mwezi, yeye ataleta maji kwa pikapu yake. Na kweli aliyaleta. Nusu alijimiminia mgongoni kabla mtu hajaonja, lakini nusu iliyobaki iliwatosha, wakashukuru.

Sasa Kiboko alikuwa na pupa. Siku moja akasema gari lake halina ngurumo ya kumfaa mtu mzito. Akachonga silinda zikapanuka, akafunga kabureta ya lori yenye tundu pana la kupitishia petroli, akatia bomba la moshi nene kama mguu wake. Tangu siku hiyo gari likitembea, moshi mweusi puuu, njia nzima haionekani. Likisimama, injini haitulii. Bu-bu-pu, bu-bu-pu, inatetemeka kama mwenye homa, kisha pu, imezima. Kilimani halipandi mpaka lisukumwe. Na lile pipa la mwezi likaisha kwa siku tisa.

Akaja Swala akasema, "Mzee, gari lako linakunywa kupita kiasi."

Kiboko akajibu, "Anywaye sana ndiye mwenye nguvu."

Akaongeza tundu la petroli.

Akaja Kobe akasema, "Mzee, gari lako linakunywa kupita kiasi."

Kiboko akajibu, "Anywaye sana ndiye mwenye nguvu."

Akaongeza tundu la petroli.

Ngedere hakusema neno. Alingoja Kiboko asinzie, akachukua bisibisi akaanza kulipunguza lile tundu. Kiboko akafumbua jicho moja, akamdaka mkia, akamrusha juu ya mti wa miiba. Kisha akaongeza tundu la petroli.

Siku ya kumi hapakuwa na petroli wala maji. Watoto wawili wa Sange walilamba umande kwenye mawe hadi ndimi zikachubuka. Jirani yao Kobe alikuwa na kibuyu kimoja alichokiweka akiba. Akakileta bila kuombwa, akawanywesha wale watoto mpaka tone la mwisho, naye akarudi kwake midomo mikavu. Sange alitaka kumshukuru. Akaona shukrani ya maneno haitoshi. Akajitwika kisanduku chake cha vyombo, akaenda kwa Kiboko.

Alimkuta amelala kivulini, ngozi imempasuka kwa ukavu, hasira zimemjaa. Sange akamsalimia, shikamoo mzee, akamwambia amekuja kulitazama gari. Kiboko akamuuliza kama na yeye amekuja kulinyima.

Sange akasema, "Mimi nimekuja kulifungia kinywa kikubwa. Kikubwa kuliko cho chote ulichowahi kukiona."

Kiboko akainuka. Hilo lilikuwa neno la kwanza zuri alilolisikia mwezi mzima. Lakini hakuwa mjinga kiasi hicho. Akamwambia, "Fundi, gari likishindwa kilima, nitakukalia."

Sange akamtazama makalio, akameza mate ambayo hakuwa nayo, akakubali.

Wanyama wakakusanya petroli ya mwisho, hapa kikombe, pale chupa, hadi dumu likajaa. Sange akaingia chini ya boneti. Akanusa: petroli mbichi, machozi yakamtoka. Akafungua plagi: nyeusi kama sufuria ya kuni. Akajua mara moja. Gari halina njaa, limevimbiwa. Petroli imekuwa nyingi, hewa imekuwa kidogo, moto hauna pa kupumulia.

Kiboko alisimama pale pale akichungulia, pumzi zake zikipeperusha masharubu ya Sange. Sange akamwambia anahitaji shaba, tena nzito. Kiboko akaenda nyumbani kutafuta. Akaleta kufuli. Sange akasema ni ndogo. Akaleta kinu cha kahawa. Sange akasema bado ni kidogo. Akaenda tena.

Kiboko akiwa katika hizo safari zake, Sange alifanya kazi. Alichomoa kile kijitundu cha petroli ndani ya kabureta, akakiziba kwa lehemu, akakitoboa upya kwa sindano. Akawasha. Injini ikapiga chafya, pchaa, ikazima. Tundu limekuwa dogo mno. Akatoboa tena kwa sindano nene. Akawasha. Bu-bu-pu. Limekuwa kubwa. Akaziba, akatafuta sindano ya katikati, hakuipata. Akang'oa unywele mmoja wa sharubu yake, mgumu kama waya, akaupitisha kwenye lehemu ya moto. Uliungua, lakini uliacha tundu. Akawasha, akakaza skrubu ya hewa kidogo, akailegeza kidogo, sikio kwenye injini, pua kwenye bomba.

Nnnnnnn.

Akafungua plagi. Zilikuwa za hudhurungi, rangi ya karanga zilizokaangwa vizuri. Sange akakaa juu ya betri, akalia kidogo. Alimkumbuka Nungunungu, fundi mzee aliyemfunza kazi bila kumdai hata yai, akamshukuru kimoyomoyo.

Kiboko akarudi anahema, amebeba kengele ya shaba kubwa kama boga. Sange akasema hiyo ndiyo. Akaifunga kwa nyaya na kamba juu ya mpira wa petroli, nje kabisa, mahali inapoonekana. Ile kengele haikuwa na kazi yo yote. Ilikaa tu.

"Hicho ndicho kinywa?" Kiboko akauliza.

"Kipime mwenyewe, mzee."

Kiboko akatia ngumi ndani ya kengele, ikaingia yote. Akatabasamu meno yote nje.

Wakaenda kilimani. Wanyama wote walikusanyika, Ngedere akiwa amepanda mbali. Mapipa matupu nyuma, Kiboko kwenye usukani, Sange kwenye kioo cha mbele ili awe karibu na kukaliwa. Kwenye mwinuko wa kwanza Swala na Kobe walijitayarisha kusukuma, kama kawaida. Gari likawapita. Nnnnnnn, likapanda, moshi haupo. Kileleni Kiboko akasimama kuona kama injini itazima. Haikuzima. Akasikiliza kwa muda, mdomo wazi. Tangu alinunue gari lile hakuwahi kusikia ndege wakiimba likiwa limewaka.

Waliporudi na maji, Kiboko alishuka, akamwinua Sange kwenye kiganja mbele ya watu. Akasema kwa sauti ya chini, "Bi Sange, nimelitesa gari langu na nimewatesa ninyi. Ahsante." Kisha akafungua pipa, na kwa mara ya kwanza hakujimiminia. Akamuuliza nani anywe mwanzo. Sange akamwonyesha Kobe. Kobe akanywa, watoto wa Sange wakanywa, Ngedere akashuka akanywa, Kiboko akafuata wa mwisho.

Pipa la petroli lililofuata lilikwenda mwezi, likabaki na debe zima. Kiboko akawa anaisugua kengele yake kila asubuhi kwa majivu. Mvua zilipokaribia akamwita Sange, akamwomba amfungie ya pili, kubwa zaidi, maana ameona faida yake. Sange akaifunga.

Ngano yangu imezima moto hapo. Ikiwa tamu, igawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mimi mpishi wake.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: msimdanganye mkubwa hata siku moja, na mwenye pupa mpeni zaidi ya anachotaka. Anayebisha na akafunge kengele kwenye gari lake, aone.