Iliki za Mandia na Punda wa Mfalme

"Enyi mliokaa, naja na ngano!"
"Njoo nayo, tumekaa!"
"Niishushe?"
"Ishushe taratibu!"

Hapo zamani sana, katika nchi ya milima na baridi, aliishi msichana aitwaye Mandia na mama yake. Walilima iliki. Walichuma, wakakausha, wakajaza kikapu. Kisha mama akajitwika, akapanda mlima, akashuka mlima, akapanda tena, hadi soko la mpakani, ambako wageni walinunua iliki za kutia kwenye chai yao.

Mwaka huo mgongo wa mama ukakataa.

"Mwanangu," alisema, "tung'oe iliki, tupande mihogo."

Mandia akapiga hesabu. Mihogo ingewashibisha, lakini ingewanunulia chumvi? Ingewanunulia nguo?

Siku ya tatu akapita mpiga mbiu. "Sikieni! Mfalme anataka iliki zetu zifike hadi ng'ambo ya jangwa. Mkulima mmoja wa kuanzia atapewa punda watatu, magunia mapya na walinzi wa njiani. Leteni gunia moja moja lililojaa. Lenye uzito kuliko yote ndilo litakaloshinda!"

Mmesikia, wenzangu? Zito, siyo zuri.

Jirani yao Shekue alisikia vizuri kabisa. Akachukua kibuyu cha maji. Akazinyunyizia iliki zake mara ya kwanza, akanyunyiza mara ya pili, akanyunyiza mara ya tatu.

"Mjomba Shekue, unaziogesha?" Mandia aliuliza.

"Nazipoza, binti yangu. Jua limezidi. Nawe zipoze zako, usije ukarudi na aibu."

Mandia alikishika kibuyu. Akamfikiria mama. Akazifikiria iliki ndani ya gunia, zimelowa, zimebanana. Akakirudisha.

Siku ya mizani ikafika, mbele ya mfalme ukumbini. Gunia la Shekue likashuka, tii! La Mandia likapanda juu. Watu wakacheka.

"Binti, umetuletea hewa?" waziri akauliza.

Mandia akapiga magoti. "Mfalme wangu, naomba kuuliza. Safari ya jangwani ni siku ngapi?"

"Siku tisa."

"Na magunia hushonwa?"

"Hushonwa, mchanga usiingie."

"Mnunuzi akifungua, wewe utakuwapo?"

"Nitakuwapo wapi, binti? Mimi nipo hapa."

"Basi yashonwe leo, yafunguliwe siku ya tisa. Safari hii mnunuzi uwe wewe."

Shekue akaruka. "Mtoto huyu anakupotezea muda, mfalme! Una kazi nyingi!"

"Siku tisa ninazo," alisema mfalme. "Yashonwe, yatiwe ghalani mwangu."

Siku ya kwanza Shekue alilala vizuri. Siku ya tano alilala vibaya. Siku ya nane hakulala kabisa.

Siku ya tisa gunia lake likafunguliwa. Lo! Ukungu mweupe juu, ukungu mweupe chini, na harufu ya nguo iliyosahauliwa kwenye ndoo. Waziri alipiga chafya tatu.

"Ni ghala lako, mfalme! Lina unyevu!" Shekue akalia.

"La binti lilikaa ubavuni mwa lako," mfalme akajibu. "Lifungueni."

Wakalifungua. Harufu ikatoka, ikazunguka ukumbi, na walinzi wakaanza kutamani chai. Wakalipima; uzito ulikuwa uleule.

Mfalme akainuka. "Kosa la kwanza ni langu," akasema. "Nimeomba uzito, nimeletewa uzito. Ningewapelekea wageni maji yetu, tena kwa punda! Kuanzia leo, kila gunia litakaa ghalani siku tisa kabla ya kuvuka mpaka. Punda ni wa Mandia."

Shekue akaanza kuondoka, kichwa chini.

"Mjomba!" Mandia akamwita. "Sisi tuna mzigo wa punda wawili tu. Tupa hizo zenye ukungu, kausha nyingine, nizikague, wa tatu azibebe."

"Utanikagua mimi, kitoto kama wewe?"

"Mimi. Na mama akinikagua mimi."

Shekue akajikuna kichwa. Akaenda kuanika.

Magunia yalipomaliza siku tisa ghalani, msafara ukaondoka asubuhi, punda watatu na walinzi wawili. Mama alitangulia, mikono mitupu. Kila walipofika kwenye mwinuko, aliinama kwa mazoea, kana kwamba kikapu bado kipo. Kisha akakumbuka. Akanyooka, akacheka, akaendelea kupanda.

Ngano yangu nimeitua hapa. Anayeitaka, ajitwike.