Mfungua Tepe

Wazee wangu mnaoheshimika, mama zangu, na wenzangu wa rika mliokubali kuketi na kunisikiliza: nawaamkia kila mmoja kwa nafasi yake, kisha naomba masikio yenu kwa muda mfupi.

Mtu mmoja alikuwa na hamu ya kumaliza mbio za mwambao. Mbio hizo ni kilomita themanini kwa miguu, kutoka rasi ya kusini hadi rasi ya kaskazini: mchangani, juu ya matumbawe, ndani ya mikoko. Barabara hakuna. Njia huonyeshwa kwa tepe nyekundu zilizofungwa matawini, na karibu na mwisho kuna hori, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, linalovukwa kwa miguu wakati wa maji kupwa. Maji yakijaa, halivukiki. Mtu huyu alikuwa amewaalika jamaa zake wote wamngojee mwishoni.

Nyuma ya wakimbiaji wote hutembea mtu mwenye gunia. Kazi yake ni kufungua tepe baada ya mkimbiaji wa mwisho kupita, ili pwani ibaki kama ilivyokuwa. Mwaka ule kazi hiyo alipewa Bi Miza, mama wa makamo, mwenye mwendo usiobadilika.

Kufikia adhuhuri, mtu wetu alikuwa wa mwisho. Kila alipogeuka aliliona gunia. Alipokaza mwendo, halikuachwa mbali, alipopunguza, halikumpita. Bi Miza alimtania kwamba akichoka kumkimbia aseme, wapumzike wote wawili. Mtu wetu hakucheka. Wakapita penye wanawake wanaolima mwani, nao wakamwuliza Bi Miza ng'ombe yule anamswaga kumpeleka mnada gani. Hapo aibu ilimwelemea mtu yule kuliko uchovu. Penye kona ya jabali akajibanza ndani ya pango dogo, akamwacha Bi Miza apite na gunia lake.

Akapumzika kwa raha, kwa kuwa sasa hapakuwa na wa kumwona. Aliponyanyuka akatafuta utepe, hakuuona. Akasogea mbele, akatafuta mwingine, hakuuona. Mbele yake njia tatu za wakata kuni ziliingia mikokoni. Akashika moja, ikamtia katika tope la magoti, na maji yalikuwa yameshaanza kujaa.

Bi Miza alipofika horini alimwuliza mwandishi wa namba za wakimbiaji wanaovuka, akaambiwa kuwa mmoja hajavuka. Hakuuliza zaidi. Aligeuka, akarudi alikotoka, akizifunga tena tepe alizozifungua, utepe mmoja baada ya mwingine, mpaka alipofika penye njia tatu na kusikia mtu akihangaika ndani ya maji. Alimkuta amekumbatia mkoko, maji yamemfika kiunoni.

Hakumkaripia. Alimwambia: "Kaka yangu, mimi nafungua zilizo nyuma yako. Zilizo mbele yako sikuzigusa hata moja, mpaka uliponitanguliza wewe mwenyewe."

Kisha akamtaka aende mbele, naye akafuata nyuma, akifungua.

Walivuka hori maji yakiwa kifuani, gunia likiwa kichwani mwa Bi Miza. Walipofika mwishoni, muda ulikuwa umekwisha, lango limeng'olewa na medali zimefungwa sandukuni. Jamaa za mtu yule walikuwa bado wamekaa mkekani. Mkewe alimwuliza tu kama amekula. Utepe wa mwisho ulikuwa umefungwa kwenye kigingi. Bi Miza alisimama akangoja mpaka mtu yule alipoupita, ndipo akaufungua.

Basi niwaulize, nami nikiwa wa kwanza kuulizwa: ni nani tuliyemkimbia kwa kuona haya, ilhali yeye ndiye aliyekuwa akituachia njia wazi?

Habari hii nilisimuliwa kwanza na mkimbiaji mwenyewe, Vuai Makame, fundi wa baiskeli, naye alinishurutisha nisilifiche jina lake.